Benki Ilifunga, Cherehani Zikaendelea

Jengo lilikuwa na ghorofa nane. Chini kulikuwa na maduka na tawi la benki. Juu kulikuwa na viwanda vitano vya nguo, mashine zimepangwa safu baada ya safu, na watu zaidi ya 3,000 wakishona suruali, mashati na tisheti za kwenda kuvaliwa Ulaya na Marekani. Mahali penyewe ni Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Jengo liliitwa Rana Plaza.

Jumanne tarehe 23 Aprili 2013 nguzo zilipasuka. Si zile nyufa za rangi kuchubuka unazoona kwa ukuta wa ploti yenu. Nyufa kubwa, za kufanya watu waache mashine na kukimbia nje. Mhandisi akaitwa, akaziangalia, akasema jengo si salama. Wanahabari wakafika. Mwenye jengo, Sohel Rana, akatokea mbele ya kamera na kusema hakuna shida yoyote kubwa.

Kesho yake asubuhi benki haikufungua. Wafanyakazi wake walikuwa wameambiwa wasikuje. Maduka mengi nayo yalibaki yamefungwa. Lakini wale wa cherehani waliambiwa wapande juu. Wengine walisimama nje wakisitasita, na kuna walioambiwa kwamba asiyeingia asahau mshahara wa mwezi huo. Sasa huo mshahara: kiwango cha chini cha sekta ya nguo Bangladesh wakati ule kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, kama dola 38. Pesa zetu za wakati huo ni kitu kama shilingi 3,200. Mtu anayelipwa hivyo hana akiba ya kumwezesha kubishana na mlango.

Wakaingia. Stima ikapotea, jenereta zilizokuwa zimewekwa ghorofa za juu zikawashwa, na kabla ya saa tatu asubuhi jengo lote likashuka chini. Watu 1,134 walikufa. Kama 2,500 walitolewa wakiwa hai, baadhi yao wakiwa wamekatwa mikono ama miguu ili watoke. Msichana mmoja alipatikana akiwa hai siku 17 baadaye.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, sikusikia chochote. Nimekuja kuisoma hii stori nikiwa mtu mzima, na kitu ambacho hakijanitoka kichwani si hata idadi ya waliokufa. Ni ile benki.

Kwa sababu hebu fikiria. Ufa ulikuwa ni uleule. Mhandisi ni yuleyule. Habari zilifika ghorofa ya chini na ghorofa ya saba siku moja. Mtu wa benki akakaa nyumbani na kazi yake ikamngoja, mtu wa cherehani akapanda ngazi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema janga la Rana Plaza lilitokea kwa sababu ukaguzi haukutosha, ama kwa sababu kampuni za ng'ambo hazikujua kinachoendelea huko chini, jua amekuruka. Walioshona walijua. Waliona kwa macho. Walichokosa ni nguvu ya kusema "mimi siingii" na bado wale mwisho wa mwezi. Hata chama cha wafanyakazi hakikuwepo katika kiwanda hata kimoja kati ya vile vitano.

Na ukaguzi ulikuwepo, hiyo ndiyo inauma. Viwanda viwili kati ya hivyo vitano vilikuwa vimekaguliwa chini ya mpango wa BSCI, ambao ni mpango wa kampuni za Ulaya wa kuangalia hali ya wafanyakazi kwa wanaowauzia bidhaa. Baada ya jengo kuanguka, BSCI ilieleza kwamba ukaguzi wake haukuwa wa kuangalia uimara wa majengo. Yaani mtu alikuja, akaangalia makaratasi ya mishahara na umri wa wafanyakazi, akashuka ngazi zilezile, akaenda.

Wacha niseme kitu hapa, halafu nirudi kwenye historia. Nilipoacha chuo nilifanya kibarua miezi kadhaa kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha, tulikuwa tunapakia bidhaa za kwenda nje. Siku wakaguzi wanakuja tulikuwa tunaijua wiki nzima kabla. Vyoo vinaoshwa, sabuni inatokea kutoka sijui wapi, glavu mpya zinagawanywa. Supavaisa anapita akikumbusha watu: ukiulizwa, ovataimu ni hiari. Mkaguzi akafika kwangu, mtu mpole kabisa, akaniuliza kama huwa nalazimishwa kubaki jioni. Supavaisa alikuwa hatua tano nyuma yake. Nikasema ni hiari. Saa kumi glavu zilikusanywa zikarudi stoo. Sijivunii, lakini kibarua ni kitu unachokipata kila asubuhi getini, na anayechagua nani aingie si yule mkaguzi.

Kwa hivyo nikisoma kuhusu ukaguzi wa viwanda Asia, siusomi kama mtu wa mbali.

Huu mtindo wa kampuni kubwa kujitungia sheria na kutuma wakaguzi haukuwepo siku zote. Zamani kampuni ya nguo ilikuwa na kiwanda chake. Kisha kampuni zikagundua kwamba si lazima umiliki kiwanda. Unachora nguo Marekani, unatoa oda kwa mtu Korea ama Indonesia, yeye anashona, wewe unaweka jina lako na kuuza. Huo mstari wote, kutoka pamba shambani hadi duka unaponunua, ndio wataalamu wanaita mnyororo wa ugavi. Uzuri wake kwa mwenye jina ni kwamba faida inapanda juu kwake, na mashtaka yanabaki kule chini kwa mwenye kiwanda.

Miaka ya tisini wanahabari na wanaharakati wakaanza kufuata huo mnyororo hadi mwisho wake. Levi Strauss iliandika kanuni zake kwa wauzaji mapema, mwaka wa 1991. Nike iliandamwa miaka mingi kwa sababu ya hali ya viwanda vya kushona viatu Indonesia na Vietnam, hadi Mei 1998 mkuu wake, Phil Knight, akasimama mbele ya wanahabari Washington na kukiri kwamba jina la bidhaa zake limekuja kuhusishwa na mishahara ya kitumwa. Hapo ndipo karibu kila kampuni ikapata hati ya maadili. Mwaka wa 1997 kikatolewa kiwango kinachoitwa SA8000, kwamba kiwanda kikitimiza masharti fulani kinapewa cheti. Na kwa sababu kampuni haiwezi kuwa kila mahali, ikazaliwa biashara mpya kabisa: kampuni za ukaguzi, zinazolipwa kwenda kuangalia na kuandika ripoti.

Zinalipwa na nani? Mara nyingi na kiwanda chenyewe kinachokaguliwa, ama na kampuni inayonunua kwake. Ripoti inasomwa na nani? Na aliyeilipia. Mfanyakazi anayeishi ndani ya ile ripoti haioni. Na kiwanda kikipatikana na makosa, kampuni ya ng'ambo inaweza kuamua ifanye nini, ama isifanye kitu, kwa sababu ile hati ya maadili ni ahadi aliyojipa mwenyewe. Huwezi kumpeleka mtu kortini kwa kuvunja maazimio yake ya Mwaka Mpya.

Kama unafikiri natia chumvi, twende Karachi, Pakistan. Agosti 2012 kiwanda cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha SA8000. Aliyekitoa ni RINA, kampuni ya Italia. Cheti chenyewe kinasema pamoja na mambo mengine kwamba usalama wa wafanyakazi uko sawa. Tarehe 11 Septemba, wiki chache tu baadaye, moto ulizuka humo ndani. Madirisha yalikuwa yamewekwa nondo, milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Watu zaidi ya 250 walikufa.

Ni haki nieleze upande wa pili pia. Mwaka wa 2020 mahakama ya Pakistan ilitoa uamuzi kwamba moto ule uliwashwa makusudi na watu waliokuwa wakidai pesa kwa nguvu kutoka kwa wenye kiwanda, na wawili wakahukumiwa kifo. Sawa. Lakini kiberiti hakifungi mlango. Nondo na kufuli zilikuwepo kabla ya mwenye kiberiti kufika, na zilipaswa kuonekana na yeyote aliyeingia mle akiwa na macho na kalamu.

Mnunuzi mkubwa wa kiwanda hicho alikuwa KiK, kampuni ya Ujerumani ya nguo za bei ya chini. Mwaka wa 2015 manusura mmoja na watu watatu waliopoteza jamaa zao walifungua kesi dhidi ya KiK huko Dortmund. KiK ilikubali baadaye kuchangia fidia ya zaidi ya dola milioni 5. Kesi yenyewe ilitupwa Januari 2019, na haikutupwa kwa sababu mahakama iliona kampuni haina lawama. Ilitupwa kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kwa hivyo hilo swali, kama mnunuzi aliye Ujerumani anaweza kuwajibika kwa mlango uliofungwa Karachi, halikujibiwa siku hiyo.

Miezi miwili baada ya Karachi, tarehe 24 Novemba 2012, ikawa zamu ya Tazreen Fashions, kiwanda kilichokuwa Ashulia, si mbali na Savar. Vitambaa vilikuwa vimerundikwa chini, ngazi zote zilishukia hapohapo penye moto, ngazi za nje za dharura hazikuwepo. Kengele ililia na wasimamizi wakawaambia watu warudi kwa mashine. Angalau 112 walikufa. Nguo za Walmart zilipatikana mle ndani, na Walmart ikasema haikuwa imeruhusu Tazreen kushona nguo zake. Kuna aliyepewa oda, akaipitisha kwa mwingine bila kusema. Na inawezekana ni kweli kabisa! Hivyo ndivyo mnyororo unavyofanya kazi: bei ikibanwa na muda ukiwa mfupi, fundi aliyepata oda anaikata vipande na kuisukuma kwa fundi wa chini yake. Mkaguzi anatumwa kwenye kiwanda kizuri, nguo zinashonwa kwa jirani.

Na kabla ya moto huo, Aprili ya mwaka huohuo, Aminul Islam, mtu aliyekuwa akiwasaidia wafanyakazi wa nguo wa Ashulia kujipanga na kudai haki zao, alipatikana ameuawa, mwili ukiwa na alama za mateso. Ukitaka kujua kwa nini chama cha wafanyakazi hakikuwepo Rana Plaza, anzia hapo.

Sasa turudi nyuma miaka mia moja, kwa sababu haya yote yalishawahi kutokea, na mahali penyewe ni New York.

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha blauzi kinachoitwa Triangle, ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 za jengo moja pale Manhattan, kilishika moto. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Waliokufa ni 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano, wengine hawajafika miaka 20. Wengi waliruka kutoka dirishani watu wakitazama barabarani. Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa, na Desemba mwaka huo wakaachiliwa. Hebu soma tena kama hujashtuka: mlango umefungwa, wasichana wanaruka, mwenye mali anarudi nyumbani.

Sehemu ya stori inayojulikana ni kwamba jimbo la New York liliunda tume, sheria zaidi ya 30 zikapitishwa, na mwanamke mmoja aliyeushuhudia ule moto akiwa barabarani, Frances Perkins, akaja kuwa Waziri wa Leba wa Marekani mwaka wa 1933. Hiyo utaipata kwenye filamu yoyote ya historia.

Sehemu isiyosimuliwa sana ndiyo niliyoipenda. Baada ya sheria kupita, wafanyabiashara wa nguo wa New York walifanya kile kampuni zinafanya leo. Waliacha kumiliki viwanda. Mtu alikata vitambaa, akavigawa kwa mafundi wadogo wadogo mitaani, na fundi anayetaka pesa kidogo kabisa ndiye anapata kazi. Ukimwuliza kuhusu mshahara wa mshonaji, anasema si mtu wangu, muulize fundi. Wasichana wa cherehani hawakukubali hiyo lugha. Kupitia chama chao, ILGWU, na kwa migomo, waliwalazimisha wale wafanyabiashara wa juu kusaini mikataba katika miaka ya ishirini na thelathini: utatumia mafundi walio ndani ya chama tu, hutarukaruka ukitafuta wa bei ya chini kila msimu, na malipo unayompa fundi lazima yatoshe kulipa mishahara. Fundi akishindwa kulipa, wewe wa juu unaulizwa.

Huo haukuwa ukaguzi. Ulikuwa mkataba, na upande wa pili wa mkataba walikuwa wafanyakazi wenyewe. Tofauti ndogo kwa karatasi, lakini ndiyo tofauti ya mtu wa benki na mtu wa cherehani.

Hilo wazo lililala muda mrefu, viwanda vikihama kutoka New York kwenda kusini mwa Marekani, halafu Amerika ya Kati, halafu Asia. Lilirudi Mei 2013 vifusi vya Rana Plaza vikiwa bado vinachakurwa. Wakati huo wanaharakati walikuwa wanapekua kwenye vumbi wakitafuta lebo na karatasi za oda, kwa sababu kuna kampuni zilizokuwa zikisema nguo zao hazikushonwa pale. Mabango yalikuwa nje ya maduka Ulaya. Na vyama viwili vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, vikaweka mkataba mezani pamoja na vyama vya Bangladesh. Uliitwa Accord. H&M ikasaini, Inditex wenye Zara wakasaini, na mwishowe zikafika kampuni zaidi ya 200, viwanda zaidi ya 1,600, wafanyakazi kama milioni 2.

Wacha nieleze ulivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye nyama.

Kamati iliyousimamia ilikuwa nusu kampuni, nusu vyama vya wafanyakazi, na mwenyekiti asiye na upande kutoka Shirika la Kazi Duniani. Wakaguzi walikuwa wahandisi kweli, wa majengo, wa moto na wa umeme, na mkuu wao hakuwa mtu wa kiwanda wala wa kampuni yoyote ya nguo. Pesa za kuwalipa zilitoka kwa kampuni za nguo, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake, hadi dola 500,000 kwa mwaka kwa zile kubwa kabisa. Ripoti ziliwekwa kwenye intaneti, jina la kiwanda, hitilafu, picha, tarehe ya kurekebisha. Yeyote angeweza kusoma, hata wewe hapo Umoja ukiwa na bando ya 20.

Kiwanda kikikataa kurekebisha, kampuni zote zilizosaini zinaacha kununua kwake, si moja. Na kampuni nazo zilibanwa: haziwezi kusema rekebisha kisha zikatae bei inayowezesha kurekebisha, wala kukimbilia nchi nyingine siku ya pili, kwani ziliahidi kubaki na kuhakikisha pesa za ukarabati zinapatikana. Mfanyakazi alikuwa na haki ya kukataa kuingia kwenye jengo analoamini ni hatari bila kukatwa mshahara. Hiyo ya mwisho isome ukikumbuka asubuhi ya tarehe 24 Aprili.

Kwenye raundi ya kwanza, wahandisi waliingia viwanda zaidi ya 1,100 na kupata hitilafu zaidi ya 80,000. Elfu themanini! Viwanda vilevile ambavyo wakaguzi wa zamani walikuwa wakiingia na kutoka miaka yote na vyeti vyao. Kufikia 2018 zaidi ya asilimia 80 ya hitilafu hizo za kwanza zilikuwa zimerekebishwa, na viwanda zaidi ya 100 vilikuwa vimefungiwa nje ya biashara ya kampuni zilizosaini kwa kugoma kufanya hivyo.

Na je, kampuni yenyewe ikivunja mkataba? Hapo ndipo Accord ilionyesha meno. Mwaka wa 2016 vyama vya wafanyakazi vilipeleka kesi mbili za usuluhishi kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague, vikisema kuna kampuni mbili ambazo zimechelewa kuhakikisha wauzaji wao wanarekebisha majengo. Kesi zilimalizwa kwa makubaliano, na moja ya kampuni hizo ikakubali kulipa dola milioni 2.3. Jina lake lilifichwa, hilo lilikuwa sharti la makubaliano, na kusema kweli linaniudhi. Lakini pesa zilitoka. Mshonaji wa Bangladesh, kupitia chama chake, alimpeleka mnunuzi kwenye usuluhishi, na mnunuzi akalipa. Hati ya maadili haijawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Walmart, Gap na kampuni nyingine nyingi za Marekani zilikataa kuingia Accord. Julai 2013 zikaunda mpango wao, Alliance, ambao pia ulifanya ukaguzi na marekebisho, ila vyama vya wafanyakazi havikuwa upande wa pili wa mkataba. Sisemi haukusaidia mtu. Nasema angalia ni kipengele gani walikikimbia.

Tusiipake Accord rangi sana. Ilihusu majengo, moto na umeme. Haikugusa mshahara. Mwaka wa 2023 wafanyakazi wa nguo Bangladesh waliingia barabarani wakidai kiwango cha chini cha taka 23,000 kwa mwezi. Kuna waliouawa kwenye vurugu hizo. Serikali ikatangaza 12,500. Jengo haliwaangukii tena, lakini kodi ya nyumba bado inawalemea. Pia wenye viwanda waliipigania Accord kortini nchini mwao hadi 2020 kazi yake ikahamishiwa taasisi mpya, RSC, ambayo wenye viwanda nao wana viti ndani. Mwaka wa 2021 kampuni na vyama vikasaini mkataba wa kimataifa, na mwaka wa 2023 ukaanza kazi Pakistan. Kwa hivyo Karachi ilisubiri zaidi ya miaka 10 tangu ule moto.

Na huku kwetu? Sisi pia tunashona. Sheria ya EPZ ni ya mwaka wa 1990, na baada ya Marekani kupitisha AGOA mwaka wa 2000 viwanda vya nguo vilijaa Athi River, Ruaraka na hata Mombasa, vikishona suruali za maduka ya Marekani. Januari 2003, wiki chache tu baada ya NARC kuingia, wafanyakazi wa EPZ waliacha mashine wakagoma, kiwanda baada ya kiwanda. Uliza mama au shangazi yeyote wa Athi River wa umri huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya mazoea ya haki ya kazi. Ila haki ya kwenye Katiba inamfunga mwajiri aliye hapa. Mnunuzi aliye upande ule wa bahari, anayepanga bei na tarehe ya meli, ndiye hatujamwekea mkono.

Lesotho walijaribu. Mwaka wa 2019 uchunguzi ulionyesha kwamba kwenye viwanda vya kampuni ya Nien Hsing, vinavyoshona jinzi, wasimamizi walikuwa wakiwadai wanawake ngono ili wapate kandarasi ama wasifutwe. Wakaguzi wa kampuni walikuwa wamepita humo miaka yote. Vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya Lesotho yakasaini mikataba na Levi's, Kontoor na The Children's Place: kutakuwa na ofisi huru ya malalamiko, uamuzi wake unafuatwa, na kiwanda kikikaidi oda zinapungua. Wafanyakazi kama 10,000. Nchi ndogo kuliko sisi, iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote, na hawakungoja mtu awaletee.

Hapa Nairobi mnyororo umehamia kwa skrini. Tunachokisafisha sasa ni video za watu wakikatwa vichwa, ili wewe na mimi tusizione tukiskroli. Wasee wa rika letu walikuwa wakifanya hiyo kazi kwa niaba ya Facebook, lakini mwajiri kwenye karatasi ni Sama, kampuni nyingine kabisa. Mei 2022 Daniel Motaung, mmoja wao, alishtaki Sama na Meta, mwenye Facebook, kwa pamoja. Meta ikasema sisi si kampuni ya hapa, hatufanyi biashara hapa, hatuwezi kushtakiwa hapa. Ni ileile lugha ya mfanyabiashara wa New York, si mtu wangu, muulize fundi. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Leba ilikataa hoja hiyo. Meta ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza kushtakiwa papa hapa Kenya. Hiyo haimaanishi imepatikana na hatia. Inamaanisha mlango wa korti umefunguka, na kule Dortmund swali lenyewe halikujibiwa.

Nitaendelea kuifuata hiyo kesi. Kama umewahi kuwa kazini siku mkaguzi alikuja, uwe ulikuwa EPZ, shamba la maua ama mbele ya skrini, niandikie aliuliza nini na nani alikuwa amesimama nyuma yake. Jina lako sitatoa.